Mtu Niliyemwona Uwanja wa Ndege

Mabibo yanapoanza kuoza chini ya mikorosho, harufu yake huingia nyumbani bila kupiga hodi. Ni tamu halafu kali, inakaa kooni kama pombe iliyochacha. Wanangu wakubwa, waliozoea Dar es Salaam, wakija msimu huo hufunga madirisha. Mimi hutoka nikakaa barazani. Si kwamba naipenda. Kuna siku moja ya utoto wangu iliyojificha ndani ya harufu hiyo, na kila mwaka mikorosho ikizaa lazima niipitie upya, nitake nisitake. Mvi zimeniwahi, nina wajukuu, watu wa hapa Nandagala wananiita mzee, na sioni tena sababu ya kuipitia siku ile peke yangu.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Ruangwa na Nachingwea hamhitaji kuelezwa kwamba kwetu mtoto ana mwenyewe, na mwenyewe ni mjomba. Baba anazaa, analima, anachapa fimbo ikibidi, lakini shauri kubwa la mtoto humngoja kaka wa mama. Baba yangu alikuwa mtu wa mzaha. Akiulizwa lolote kuhusu sisi watoto, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi jogoo tu hapa. Muulizeni mwenye kuku." Mwenye kuku alikuwa Mjomba Ausi, kaka mkubwa wa mama, aliyeishi mjini Nachingwea. Bila neno lake nisingeweza kuingia jando.

Na mwaka ule nilitaka jando kuliko chakula. Wenzangu wote walikuwa wameshapangwa kuingia shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili. Anayeachwa hubaki msungo, na msungo si mtu. Msungo hapelekwi makaburini. Wakubwa wakiwa wanazungumza, msungo akatokea, wanabadilisha maneno, au wananyamaza wakimtazama mpaka aondoke. Nilikua nikiamini kwamba pale wanaponyamaza kuna kitu kimesimama katikati yao. Wao wanakiona, mimi sikioni. Aliyenithibitishia jambo hilo ni Chande, mtoto wa baba mkubwa, ambaye alikuwa ametoka jandoni mwaka mmoja kabla.

"Kule porini mnafanywa nini?" nilimuuliza siku moja tukichunga.

"Mambo ya kule hayasemwi."

"Kidogo tu, Chande."

Akanitazama kwa huruma ya kujifanya. "We msungo unaona kuku na mbuzi. Sisi tuliotoka tunaona vyote vilivyopo."

Chande alikuwa anajigamba tu, kama anavyojigamba kila mvulana aliyepewa siri asiyoruhusiwa kuitumia. Mimi nililibeba neno lake zima zima, kama lilivyo.

Kilichonizuia nisipangwe pamoja na wenzangu ni mtu mmoja ambaye hakuwepo. Mjomba wangu mdogo, Bakari, kitinda mimba wa bibi, alivuka mto Ruvuma na wachuuzi wa mitumba wakati ng'ambo bado kuna vita, na hakurudi. Mimi nilikuwa mdogo mno hata sura yake sikuikumbuka. Wakimbizi wa Msumbiji walikuja, vita ikaisha, wengi wakarudi kwao, na kila aliyepita kwetu aliulizwa. Hakuna aliyemjua. Mkewe, Somoe, alibaki kwao Ruponda, hana mume na si mjane. Kila msimu alikuja na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, kusikiliza kama kuna habari. Alikula kidogo, akashukuru, akarudi. Sikumwona akilia. Wazee walisema ukoo wenye mtu njiani haupigi ngoma. Lazima kwanza ijulikane kama mtu huyo anangojwa au analiliwa. Wa kuamua alikuwa Mjomba Ausi, na kila alipoulizwa alisema, "Bado."

Alikuja jioni moja ya msimu wa mabibo, kofia yake ya kaki kichwani. Nilijibanza nyuma ya jiko la nje nikasikiliza.

"Kaka, wenzake wote wanaingia," mama alisema. "Atabaki na watoto wadogo, wamcheke."

Mjomba akasema, "Kesho nitamchukua nikamtembeze mji, aone vitu. Tukirudi nitasema neno langu."

Mimi nikajua huo ni mtihani. Aone vitu, kasema. Akiona, ataingia. Asipoona, atabaki msungo. Ukweli nilikuja kuambiwa na mama nikiwa mtu mzima: mjomba alikuja kukataa. Alikuwa ameshaamua kwamba mwaka ule nisiingie, akaona anitembeze kwanza, ili neno chungu linikute nimeshiba na nimefurahi. Siku ile yote ilikuwa ya kunibembeleza.

Tuliondoka alfajiri juu ya lori la korosho, tumekaa kwenye magunia. Ulikuwa wakati wa kuchoma mashamba. Moshi ulikuwa umelala mabondeni, haupandi wala hauondoki, na ndani yake visiki vilisimama vyeusi kama watu wanaongoja kuitwa. Jua lilipochomoza lilikuwa jekundu, halina miale, unaweza kulitazama usoni. Kila tulipopita chini ya mikorosho harufu ya mabibo ilitufunika, kisha moshi, kisha mabibo tena. Mjomba aliimba njia nzima. Mimi nilikuwa nakodoa macho kila upande, nisije nikapitwa na kitu.

Mjini alininunulia chai na maandazi sokoni. Akanionyesha mashine ya kusaga, fundi saa mwenye jicho la kioo alilolibana kwenye nyusi, duka lenye jokofu. Alifungua hata mlango wa jokofu lile ili nitie mkono ndani nisikie baridi, mwenye duka akapiga kelele, mjomba akacheka. Mama mmoja muuza chai alimuuliza, "Ausi, na huyu nani?"

"Mali yangu hii. Mtoto wa dada."

"Mh! Anafanana na yule mdogo wenu."

Mjomba akatazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo. Kisha akainuka. "Haya, mjomba, huo ndio mji. Sasa twende ukaone mambo makubwa."

Mambo makubwa yalianzia stesheni. Tulifuata njia ya miguu hadi kwenye tuta refu la udongo, limenyooka kama kamba, majani yamelifunika, na pembeni yake jukwaa la saruji lililopasuka. Juu ya tuta hakukuwa na kitu. Mbuzi walikuwa wanakula. Mjomba akavua kofia, akakaza mgongo, na mbele ya macho yangu akawa kijana. Alinishika ukosi akanivuta nyuma kwa nguvu.

"Rudi nyuma wewe, utagongwa!"

Akainua mkono, akaupunga, akageuza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akifuatilia kitu kirefu kinachopita. Mdomo wake ulikuwa unatoa mlio wa mvuke. Mbuzi mmoja aliinua kichwa akamtazama, kisha akatazama mahali pale pale mjomba alipokuwa anatazama. Nywele zilinisimama. Hata mbuzi anaona, nilijisemea, mimi tu ndiye sioni.

"Umeiona treni ya Mtwara?" mjomba aliniuliza.

"Nimeiona."

"Ina mabehewa mangapi?"

"Sita."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ilikuwa na mizigo michache leo! Mimi nilikuwa kuli hapa, mjomba, kijana hasa. Mgongo huu umebeba karanga za Wazungu."

Nikashusha pumzi. Swali la kwanza nilikuwa nimelivuka.

Tulipofika uwanja wa ndege jua lilikuwa limesimama utosini. Sijawahi kuona mahali wazi kiasi kile. Sisi tuliozoea mikorosho na vichaka, macho yetu hugonga kitu kila yanapokwenda. Pale yalikwenda tu, hayagongi. Nyasi zilikuwa zimeota kwenye nyufa, nguzo moja ya chuma imesimama haina kazi, na ule mwisho wa mbali joto lilikuwa linatetemeka kama maji. Hapakuwa na upepo wala ndege wa angani. Nilisikia damu ikipiga masikioni mwangu.

"Hapa," mjomba alisema, "ukikaa kimya utaona ndege zinavyotua. Zilikuja za Wazungu wa karanga. Zikaja za wapigania uhuru, vijana wa ng'ambo, wanashuka wamenyamaza. Mji mzima unakuja kutazama. Mimi na wadogo zangu tulikaa hapa hapa. Tazama!"

Nilitazama yale maji yasiyo maji. "Naziona."

"Ngapi?"

"Mbili. Moja imefunguliwa mlango. Watu wanashuka."

"Wakaribishe basi," mjomba alisema akicheka.

"Wameondoka wote. Kabaki mmoja."

Mpaka leo sijui kwa nini sikuishia kwenye ndege. Nadhani niliogopa kuonekana mvivu wa kuona.

"Huyo mmoja anafanya nini?"

"Kasimama anatutazama. Kashika viatu mkononi."

Kicheko kilikatika. Mjomba hakugeuka. Alibaki akitazama mbele, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Viatu gani?"

"Raba. Nyeupe."

Akachuchumaa taratibu, akakaa chini kwenye lami ya moto. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu wala hafuti.

"Anasema nini?"

"Hasemi."

"Mjomba," aliniambia, na alilitamka neno lile kama anayeongea na mtu mzima. "Mtazame chini, miguuni. Ana kivuli?"

Hapa nataka nieleweke. Sikujua maana ya swali lile. Nilidhani ananipima kama natazama kweli au nabuni, na mimi nikataka kujibu kwa akili. Nikatazama chini. Ilikuwa saa sita ya mwezi wa kumi, na jua la kwetu mwezi huo hukaa juu ya kichwa kama mzigo. Kivuli changu kilikuwa kimeingia chini ya nyayo zangu. Cha mjomba kilikuwa kimekaliwa. Nguzo ya chuma haikuwa nacho. Nikaona nikisema anacho, atajua nadanganya.

"Hana," nilisema.

Mjomba akavua kofia. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akasimama kwa shida, akaelekea kule mwisho wa uwanja, akainua mkono wa kulia kama alivyouinua stesheni.

"Bakari," aliita. "Nenda, mdogo wangu. Tumekuona. Usisimame juani."

Na alipoita hivyo, mimi nikaona. Ndani ya yale mazigazi kitu chembamba, cheusi, kilisimama. Kikakatika kiunoni, nusu ikaelea juu ya nusu, halafu chote kikayeyuka. Sasa najua mazigazi huweza kukifanya hivyo kichaka chochote. Siku ile nilijikojolea.

Tulirudi mjini. Asubuhi alikuwa amenishika mkono kila tulipovuka njia. Sasa aliniacha nitangulie, yeye nyuma, na nilipopunguza mwendo naye alipunguza. Tulipita kwenye nyumba moja ya zamani ya watumishi wa Kizungu, paa limeng'olewa, mpapai umeota sebuleni. Akasimama mbali.

"Na humu je? Kuna mtu?"

"Sijui, mjomba."

"Sema tu. Siogopi."

Alikuwa anaogopa. Aliponinunulia soda hakunipa mkononi. Aliiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaningoja niichukue. Nilikunywa soda ile huku nikilia, na sikujua nalilia nini. Mtu mzima aliyekuwa akinipakata tangu nazaliwa alikuwa ananiogopa, na nilielewa kwa namna ya kitoto kwamba nimefaulu mtihani vibaya.

Jioni, nyumbani, mjomba alizungumza na mama na baba ndani. Nikaitwa. Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Umemwona mdogo wangu?"

Baba akadakia, "Kaona mbuzi huyo! Uwanja wa ndege pale kuna nini zaidi ya mbuzi?"

"Nyamaza, jogoo," mama alisema, na safari hiyo hapakuwa na mzaha.

Mjomba hakuniangalia. Aliongea na ukuta. "Kama kweli kamwona, basi tumlilie Bakari, jambo liishe. Na mtoto ataingia na wenzake."

Hapo ndipo palipo kosa langu, wala si kule uwanjani. Kule nilikuwa mtoto anayejaribu kuona. Hapa nilikuwa nimeshaelewa. Niliona kwamba neno moja linafungua mlango wa jando na linafunga mlango mwingine ambao sikujali una nani nyuma yake. Baba alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba niseme kweli.

"Nimemwona," nilisema.

Mama alipiga yowe, na majirani wakaanza kuja.

Matanga yalikuwa makubwa. Somoe aliletwa kutoka Ruponda, akaketishwa ndani kwenye mkeka kuanza eda. Akaomba niitwe. Alinishika mkono, kiganja chake kikavu kwa jembe.

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana, mkazamjomba."

"Afadhali," alisema. Ndipo akalia.

Niliingia jando. Ya kule hayasemwi, na mimi mzee siwezi kuwa wa kwanza kuyasema. Siku ya kutoka vibanda vilichomwa moto nyuma yetu, tukakimbia tusigeuke. Nguo zangu za kitoto na jina langu la kitoto viliungua humo, ndiyo maana siliandiki hapa. Mbele ya watu, kwa shangwe na vigelegele, Mjomba Ausi alinipa jina la marehemu: Bakari. Likawa jina langu la shuleni, la msikitini, la kwenye cheti cha ndoa. Baada ya sherehe nilikwenda nyuma ya nyumba peke yangu nikatazama huku na huku kwa makini. Niliona kuku na mbuzi.

Miaka mingi nilidhani kasoro iko kwangu. Nilipokuwa sekondari mwalimu alichora ubaoni reli ya karanga, kutoka Mtwara hadi kwetu, kisha akaifuta kwa kiganja na kusema iling'olewa zamani, kabla hatujazaliwa. Darasa likaendelea kunakili. Mimi nilikaa na kalamu mkononi, baridi imenishika katika joto la mchana. Hapakuwa na treni. Mjomba alikuwa anakumbuka tu. Alikuwa mzee anayemchekesha mtoto kwa vitu alivyovipenda ujanani, na aliponiuliza kama naiona alikuwa anacheza. Mimi nilimwamini yeye, yeye akaniamini mimi, na kati ya imani hizo mbili tukamzika mtu.

Ningeweza kwenda Nachingwea kumwambia. Nilijipa sababu: mitihani, kilimo, nauli, harusi yangu. Mjomba Ausi alifariki kabla sijakwenda. Somoe alikuwa ameshaolewa na mkulima wa huko huko Ruponda, ana watoto. Kila nilipopita alinikaribisha vizuri. Alipenda kuliita jina langu. Aliliita mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zimefika kwetu, tunapanda vichuguu kutafuta mtandao, siku alipotokea mtu uani kwangu nikiwa naanika korosho. Alikuwa na mvi kifuani na mguu mmoja anauburuta.

"Hodi hapa."

"Karibu."

Alimwinamia binti yangu mdogo. "Hapa kwa nani, mama?"

"Kwa Bakari."

Mtu yule alicheka, kicheko kirefu ambacho nilikuwa nimekisikia mahali. Kilikuwa cha Mjomba Ausi.

"Basi nimefika kwangu," alisema.

Mama alikuwa mzee tayari, haoni vizuri. Alitambaa kutoka kwenye mkeka wake akamshika miguu, akaipapasa, akapapasa na ardhi kuizunguka, kama anayetafuta kivuli. Hakupiga yowe. Bakari alitusimulia kwa ufupi, kama mtu aliyechoka na habari yake mwenyewe. Wapiganaji walimkamata akawabebea mizigo. Alipoponyoka mguu ulikuwa umevunjika, akaponea kwenye mashamba ya pamba ya watu wa mbali, akaoa huko. Kila mwaka alisema atarudi akipata cha kurudi nacho. Sasa mke yule amekufa, na cha kurudi nacho hakijapatikana, akaona arudi hivyo hivyo.

"Nani aliwaletea habari kwamba nimekufa?" aliuliza.

Mama akageuza uso kwangu.

"Mimi," nilisema. "Nilikuwa nataka jando." Nikamwambia yote: treni, uwanja, kivuli. Nilipofika kwenye raba nyeupe mama alishtuka.

"Ulikuwa mgongoni kwangu siku anaondoka," alisema. "Alikuwa kazishika mkononi zile raba, ukazililia njia nzima, unazitaka."

Bakari alinitazama kwa muda. Nilingoja matusi, nilikuwa nayahitaji.

"Zile raba," alisema, "nilizitupa kabla ya mto. Zilikuwa zinabana." Kisha akauliza, "Somoe yuko wapi?"

Nilimwambia. Asubuhi yake akasema hataki ugomvi na mtu, anataka kumwona tu, hata kwa mbali. Nilimpakia kwenye baiskeli, mguu wake mbovu unaning'inia. Tulipumzika mara nyingi. Kila kijiji tulichopita watu walinisalimia, "Habari za safari, Bakari?" Mara za mwanzo alifungua mdomo kujibu. Baadaye akaacha.

Tulimkuta Somoe uani anapura mbaazi kwa mchi. Mumewe alikuwa shambani. Aliponiona alitabasamu.

"Karibu, Bakari. Karibuni kitako."

Kisha akamtazama mwenzangu. Mchi ulisimama. Alimtazama kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye ule mguu, akarudi usoni, akabaki hapo. Kuku walikuja wakaanza kudonoa mbaazi zilizotawanyika, wala hakuwafukuza.

"Na mgeni wako," aliniuliza bila kuniangalia, "anaitwa nani?"

Bakari alivuta pumzi kujibu. Niliona jina likimfika mdomoni. Halafu akanitazama mimi, niliyelivaa jina lile tangu utotoni, mwenye mke na watoto wanaoitwa kwalo, na sikuwa na namna ya kulivua pale uani nikamrudishia.

"Mpita njia tu, mama," alisema. "Nakwenda Masasi."

Somoe aliitikia kwa kichwa. Akaweka mchi chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani. Tulingoja. Ndani hapakuwa na sauti yoyote. Mwishowe akatoka mtoto wa kike na kikombe cha maji, akakipeleka kwa mgeni, akapiga goti.

"Mama anasema unywe," mtoto alisema. "Na usichelewe, Masasi mbali."

Bakari akayanywa maji yote, akamrudishia mtoto kikombe kwa mikono miwili.